Picha Tisini na Mbili za Mbawakawa Mmoja

4 Februari

Kengeza,

Natumaini jina hilo bado unaliitika. Lile la kwenye cheti nimelisahau, na kwa kuwa hili nilikupa mwenyewe, naona nina haki nalo. Nimesikia kwa fundi baiskeli, yule mliyesoma naye darasa moja, kwamba siku hizi uko makumbusho, idara ya wadudu, na kazi yako ni kupiga picha. Nilicheka mpaka mke wangu akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Wewe, uliyekuwa ukinusa daftari badala ya kulisoma, leo unaajiriwa kwa ajili ya macho!

Sasa tuje kwenye jambo. Tangu nistaafu nakusanya mbawakawa. Ninao mia tatu na kumi na moja, kila mmoja amechomwa pini na kuandikiwa tarehe, wote ndani ya maboksi ya viatu. Huyu ninayekutumia nilimkuta mwezi wa kumi na moja kwenye mbao zilizooza nyuma ya stoo ya shule. Ni mweusi, urefu wa kipande cha chaki, na kichwani ana pembe moja iliyopinda mbele na kuchanua ncha mbili. Nimepekua kila kitabu nilichokipata. Hayumo. Naamini hakuna binadamu aliyewahi kumwandika.

Ikithibitika, ataitwa kwa jina la ukoo wangu. Nikwambie ukweli, hilo ndilo ninalolitaka kuliko kitu chochote. Watoto hatukujaliwa. Shule niliyoiongoza miaka ishirini na sita wameipaka rangi mpya na kufuta jina langu ukutani. Nikiondoka mimi, limekwisha.

Nahitaji picha moja kubwa na kali, pamoja na kauli ya huyo daktari wenu wa wadudu. Usinipigie simu. Andika, na andika vizuri, kwa sababu nitasahihisha.

Mwalimu Mkuu (mstaafu)

*

(Karatasi ndogo, ndani ya kopo, chini ya pamba)

Mwanangu,

Huyu mdudu nimemfunga mimi, ndiyo maana nimepata upenyo wa kukuandikia. Nakuomba kitu kimoja tu. Usimpige picha kwa karibu mno. Ya mbali kidogo inatosha, ya kutundika ukutani. Mume wangu mwenyewe macho yake si yale ya zamani. Na ukiona chochote, nyamaza, kama mimi nilivyonyamaza kwa ajili yako.

Hajui mpaka leo. Ile miwani niliyokununulia mimi, anadhani ulipewa na watu wa misaada. Nakumbuka ulivyoshuka ngazi za kliniki ya macho umeivaa, ukasimama unahesabu majani ya mti, umenishika mkono hutaki tuondoke. Na siku ilipovunjika ulikaa jikoni kwangu unalia, ukisubiri gundi ikauke.

Kula vizuri huko.

Mama

*

19 Februari

Shikamoo Mwalimu,

Kopo limefika salama. Naitika jina bado, usijali.

Umeomba picha moja. Naomba nikueleze kwa nini nitapiga nyingi. Lenzi ya kupigia vitu vidogo ni bahili wa ajabu. Ikikuonyesha ncha ya pembe, kichwa kinakuwa ukungu. Ikikuonyesha kichwa, pembe inayeyuka. Kwa hiyo kamera tunaikalisha kwenye reli ndogo yenye skrubu, tunaisogeza chini ya unene wa unywele, tunapiga. Tunasogeza, tunapiga. Kila picha ina ukanda wake mwembamba unaoonekana sawasawa, kwingine kote ni moshi. Mwisho kompyuta inaokota kanda zote nzuri na kuziunga ziwe picha moja, kali kuanzia mbele mpaka nyuma. Jicho la mtu haliwezi kuona hivyo hata likibarikiwa.

Sharti ni moja, anayepigwa picha asitikisike. Ndiyo maana hapa kwetu tunawapenda waliokufa.

Daktari nitamwonyesha. Nisalimie Mama.

Kengeza

*

2 Machi

Kengeza,

Barua yako nakurudishia humu ndani ikiwa na wino mwekundu. Umepata kumi na tatu juu ya ishirini. Mwandiko umetengemaa, lakini aya ya pili ni ndefu, na "hata likibarikiwa" ni kujitia ushairi mahali pasipohitajika. Hata hivyo nimeelewa, na mimi si mtu wa kuelewa upesi mambo ya mashine, kwa hiyo pongezi.

Mke wangu nilimsomea. Akauliza, "Sasa hizo picha zote za nini? Si apige moja tu?" Nikamwambia, mama, kazi za watu waachie watu. Amekuwa msumbufu kweli siku hizi. Jana kauliza tena kama picha haiwezi kupigwa mdudu akiwa ndani ya kopo!

Mimi nimeanza maandalizi. Nimekwenda kwa mwalimu mkuu wa sasa, kijana mwenye kiburi cha bure, nikamwomba ukumbi wa shule Jumamosi ya mwisho ya Aprili. Alikuwa anasitasita, nikamkumbusha kwamba ukumbi wenyewe nimeujenga mimi. Afisa elimu atakuja. Wanafunzi wa zamani watakuja. Fanya haraka.

Mwalimu Mkuu (mstaafu)

*

21 Machi

Shikamoo Mwalimu,

Kazi imekwisha, na haikuwa rahisi. Mara ya kwanza lori lilipita barabarani, meza ikatetemeka, kipapasio kimoja kikacheza kidogo tu. Kompyuta ilipounga, mdudu wako akatoka na vipapasio vitatu, cha tatu kama mzimu. Nikafuta zote. Nikarudi Jumapili barabara ikiwa kimya, nikazima feni, nikabana pumzi kila nilipobonyeza. Picha tisini na mbili.

Nikikuonyesha moja moja hutaona la maana. Ile ya arobaini, kwa mfano, pale shina la pembe linapokutana na kichwa, ni ukungu mtupu. Ya arobaini na moja vilevile. Lakini zilipoungana, Mwalimu, nilivuta kiti nikakaa. Nimetazama saa nzima. Kila tundu, kila kinyweleo, kila kitu.

Daktari ameiona na ameishiwa maneno. Anasema tangu aanze kazi hajaona kitu kama hiki.

Nina ushauri. Usiifungue nyumbani. Nitaichapisha upana wa mita nzima, nitaifunga kwa karatasi na kamba, ukaifungulie ukumbini mbele ya watu wote. Chini nitaweka maelezo kwa herufi kubwa. Mchague mtu wa mstari wa nyuma kabisa, asimame, ayasome kwa sauti. Hapo kila mtu atajua picha ni kali kiasi gani.

Kengeza

*

5 Aprili

Kengeza, mwanangu,

Kumi na nane juu ya ishirini! Sijampa mtu alama hiyo tangu nishike chaki. Wazo la mstari wa nyuma limenikosha. Ni mtindo wangu kabisa, nilikuwa nikiutumia darasani kuwaamsha wavivu, huenda unaukumbuka.

Nimesema "ameishiwa maneno" mara kumi leo. Nimemwambia kinyozi, nimemwambia muuza magazeti. Suti nimeitoa kwa dobi. Viti mia mbili vimekubaliwa.

Mke wangu ndiye anayenitia kichefuchefu. Badala ya kufurahi amepooza. Juzi ananiambia, "Baba, hiyo picha tuifungue kwanza wawili, ndipo uipeleke kwa watu." Nikamuuliza anaogopa nini, akaanza kufuta meza iliyokwisha kufutwa. Miaka thelathini na nane nimeishi na mwanamke huyu na hajawahi hata siku moja kunifurahia kwa sauti. Siku hiyo atakaa mbele, apende asipende.

Nilikuwa mkali kwako. Unaona sasa matunda yake.

Mwalimu wako

*

(Maelezo yaliyobandikwa chini ya picha, yaliyotumwa 20 Aprili)

MBAWAKAWA. AMEOKOTWA NA MWALIMU MKUU MSTAAFU.
PICHA 92 ZIMEUNGWA KUWA MOJA.
TAZAMA SHINA LA PEMBE: PEMBE IMEBANDIKWA KWA GUNDI.
GUNDI NI YA MANJANO, IMEPAKWA KWA NCHA YA SINDANO, NA MKONO ULIOZOEA.

*

29 Aprili

Kwako mpiga picha,

Aliyesoma ni fundi baiskeli. Nilimsimamisha mwenyewe, mstari wa mwisho, karibu na mlango. Alipofika "gundi" akasita, akaniangalia, nami kwa kiburi changu nikamwambia, "Soma! Umekuwa bubu?" Akasoma.

Kisha akacheka mmoja, wakacheka kumi, ukacheka ukumbi. Afisa elimu aliinuka akaisogelea picha, akaweka kidole pale penye gundi, akaniuliza taratibu kama mtu anayezungumza na mgonjwa, "Mzee, hii pembe umeitoa wapi?" Watoto nje walikuwa wameshaanza kuimba. Sasa nikipita wananiita Mzee Gundi. Kinyozi amenyoa upande mmoja wa kichwa changu akiuma midomo asicheke.

Sikuibandika. Nasikia unacheka, lakini naapa kwa kaburi la mama yangu, sikuibandika. Nilimwokota na pembe yake. Nyumbani tupo wawili, na mke wangu wadudu hata kuwashika hawashiki. Ni nani kanifanyia hivi? Kama ni wewe huko, sema. Kama si wewe, kwa nini hukuniandikia mimi kwanza? Ungeniambia tu. Ningekaa nyumbani.

Mwalimu

*

8 Mei

Mwalimu,

Nakurudishia barua yako. Samahani, wino mwekundu sina, nimetumia penseli. Alama saba juu ya ishirini. Hoja zimerukaruka, na mwandishi anajihurumia mno.

Unauliza kwa nini sikukuandikia kwanza. Nilikuwa na miaka tisa. Ulinisimamisha mstari wa nyuma, ukaniamuru nisome ubaoni. Nikasema sioni. Ukasema, "Sogea hatua moja." Sioni. "Hatua moja." Darasa zima likihesabu, mpaka pua yangu ikagusa ubao, na hapo nikasoma, na ulikuwa umeandika JINA LANGU NI KENGEZA. Nikalisoma kwa sauti kabla sijajua ninasoma nini. Ulicheka mpaka ukajishika mbavu. Na wewe ungeweza kuniuliza kwanza, pembeni, kama naona. Ningekaa nyumbani.

Sasa nikupe na mengine, uyatafune taratibu. Daktari hajaiona picha. Yuko likizo mpaka Juni. Aliyeishiwa maneno ni mimi, kwa kujizuia nisicheke. La pili ni kubwa zaidi. Kingo za ule mvunjiko zinaingiana kama kikombe na kifuniko chake. Pembe ni yake mwenyewe mdudu. Ilivunjika, ikarudishwa mahali pake. Niliona waziwazi siku ileile. Lakini sikuandika uongo, Mwalimu. Niliandika imebandikwa, na imebandikwa. Yaliyobaki waliyamalizia wao wenyewe, kwa sababu wanakujua.

Na usiniapie makaburi. Uliivunja kwa vidole vyako vinene, ukaibandika, ukafunga mdomo. Hata mkeo amechoka kukufichia. Aliniwekea karatasi ndani ya kopo, chini ya pamba, akiniomba nisipige kwa karibu, na nikiona chochote ninyamaze. Muulize.

Kengeza, mstari wa nyuma

*

30 Mei

Mwanangu,

Aliniuliza.

Barua yako aliisoma jikoni, kwa sauti, mara mbili, kituo kwa kituo, kama anayesomesha imla. Alipofika kwenye karatasi ya chini ya pamba alivua miwani yake, akaikunja, akasema, "Kopo lilifungwa na nani?" Nikasema mimi. Akasema, "Endelea." Basi nikaendelea, maana nimekaa naye miaka mingi na najua akisema endelea hakuna pa kukimbilia.

Ilikuwa mwezi wa kumi na mbili. Nilisogeza lile boksi ili nipige pasi shati lake, likaniponyoka mkononi, pembe ikaanguka mezani. Yeye alikuwa kwa kinyozi. Unamjua alivyo, mwanangu. Nikachukua gundi na sindano, nikairudisha, nikaomba Mungu ikauke kabla hajaingia. Ikakauka. Nikasema yamekwisha. Sikujua kuna kamera duniani inayoona hivyo, mpaka alipoanza kunisomea barua zako.

Hakunipiga. Ningependa ujue hilo, pengine utafurahi. Alifungua kabati, akazikunja nguo zangu vizuri, akazipanga begini, akaandika orodha ya kila kitu, akanipa kalamu niweke sahihi kwamba nimevipokea vyote. Kisha akanibebea begi mpaka kituo cha basi. Akasimama nami mpaka basi likaja, kama mtu anayemsindikiza mgeni. Sasa nalala kwa mdogo wangu, kwenye chumba cha wajukuu wake, kitanda cha chini.

Niliona ile picha ukumbini. Nilikuwa mbele, kama alivyotaka. Wote walikuwa wanaangalia pembe. Mimi nilikuwa naangalia gundi. Kila alama ya sindano ilikuwepo, nimekwenda nukta, nukta, nukta, halafu nimezunguka, kama nishonavyo. Uliandika "mkono uliozoea". Ndiyo, ulizoea. Ni mkono huohuo uliobandika miwani yako ilipovunjika upande wa kulia, kwa gundi hiyohiyo ya manjano, kwa nukta hizohizo, na uliivaa hivyo miaka miwili mbele ya uso wako. Niliposikia ni wewe utakayempiga picha, nilishukuru. Nilisema akiiona tu atajua ni mimi.

Umeona tundu na vinyweleo vya mdudu. Mimi hukuniona.

Bahasha hii sijaiandika anuani yangu, kwa makusudi. Kula vizuri.

Mama

*

2 Julai

Mama,

Sijui ulipo. Fundi baiskeli hajui, kituo cha basi hawajui. Naituma nyumbani kwenu kwa sababu sina pengine pa kuituma, nikitumaini atakufikishia, au umesharudi.

Miwani ile ninayo bado, kwenye droo, hapa kazini. Niliposoma barua yako niliitoa nikaiweka chini ya lenzi. Nukta, nukta, nukta, kisha mzunguko. Nimeziweka picha mbili pamoja na hazina tofauti hata kidogo. Picha ya mdudu na miwani nilikuwa navyo vyote viwili tangu Machi, hatua tatu kutoka mezani kwangu. Sina la kujitetea. Nilitaka aumie yeye, na nilitaka sana mpaka sikutazama kulikuwa na nani katikati. Karatasi yako nilimrushia kama jiwe. Nisamehe, na kama huwezi, nitukane, lakini niandikie.

Daktari amerudi. Nilimwonyesha, nikamweleza na gundi. Akacheka, akasema nusu ya droo za makumbusho haya zimeshikwa na gundi, hakuna mdudu asiyevunjika. Kisha akaacha kucheka akaanza kufungua vitabu. Mama, ni mpya. Hajaandikwa popote. Wiki ijayo anapeleka taarifa, na nafasi ya jina iko wazi. Nimemwomba lisiwe la mzee. Nimemwomba awe na jina lako, kwa sababu bila mkono wako pembe ile ingefagiliwa na takataka. Amekubali, anahitaji ruhusa yako tu, mstari mmoja wenye sahihi. Jibu upesi, tafadhali.

Mwanao

*

(Barua hiyohiyo, imerudishwa 15 Julai. Bahasha imefunguliwa. Pembeni, kwa wino mwekundu:)

Mwandiko: mzuri. Aya: zimepangika. Hoja: imechelewa. 16/20.

Aliyeandikiwa haishi hapa. Ruhusa haihitajiki. Daktari wako nimemwandikia mwenyewe leo asubuhi, nikamwambia jina ni haki ya aliyemwokota. Litakuwa langu, kama tulivyokubaliana.

Picha ipigwe upya. Ile gundi isionekane.